Ndege ya Dakika Hamsini

Wanangu, nimeenda uwanja wa ndege. Maharage yako jikoni, mkirudi shule pasheni mle, na bibi mpeni kwanza.

Mama yenu karuka alfajiri. Hadi kwa shangazi yenu ni kilomita mia tatu tu, dakika hamsini angani. Nilimtania: "Funga mkanda, fungua mkanda, umefika." Sasa ni saa nne na shangazi bado anamsubiri.

Nimewapigia simu watu wa shirika la ndege. Dada wa pale kaniuliza jina la mama yenu, kisha kwa upole mno: "Baba, njoo. Usiendeshe gari mwenyewe." Nimeita teksi.

~~Washeni redio mnisikilizie habari.~~ Redio msiiguse.

Bibi akiuliza, mwambieni ndege imechelewa. Hata mimi ndivyo ninavyojiambia.

Baba yenu