Mama, Usiifungue Ile Chupa

Ainabkoi, Eldoret
Alhamisi asubuhi

Rebeka dada yangu, wewe unayemsomea Mama: kabla ya salamu, kabla hata hujakaa, mwambie hivi. Zakaria akileta chupa ya kunde kutoka kwangu, isifunguliwe. Kama imefunguliwa, isionjwe hata kwa ncha ya kidole. Na kama imeonjwa, acha kusoma, mpelekeni Mama hospitali ya misheni sasa hivi, na chupa mwende nayo.

Ikiwa bado haijafika, kaa sasa, umsomee yaliyobaki polepole.

Mama yangu mpenzi, u hali gani? Goti linakusumbua bado? Mimi ni mzima wa mwili, lakini moyo wangu hauko kifuani, uko njiani na Zakaria. Nisamehe nimekuanza kwa vitisho. Ningepiga hodi kwa adabu kama ulivyonifundisha, lakini leo nimeingia mbio.

Nikueleze ilivyokuwa. Memsahib wangu ana desturi ya ajabu. Kila mwaka maharagwe mabichi yakizaa na karoti zikinenepa, tunaacha kazi nyingine zote, tunakatakata, tunajaza chupa za kioo zenye mdomo mpana, tunaziba kwa kifuniko na mpira, halafu tunazichemsha ndani ya pipa tangu asubuhi hadi adhuhuri. Anasema ni za majira ya baridi. Kwao kusini alikozaliwa, baridi ikija huua kila jani bustanini, na mama yake alikuwa anafanya hivyo. Mimi nikamwambia, "Memsahib, hapa kabichi haifi. Mwezi wa saba mvua ya mawe inapiga, lakini bustani iko." Akanijibu, "Mimi najua, Nathani. Lakini mkono yangu hapana jua." Siku nyingine ananiita boi, mimi mwenye mvi mbili, lakini siku ile aliniita jina langu.

Sasa mwaka huu chupa mbili zikabaki tupu. Akasema, "Chukua, weka chakula unapenda." Mama, nilifurahi kama mtoto. Nilikumbuka ulivyoniandikia kwamba goti halikuruhusu tena kupanda mwambani kuanika majani, na kwamba kiangazi kilichopita mlikula ugali na chumvi. Nikasema, basi, mwanao ni mpishi wa Wazungu, atakuletea mboga za kiangazi ndani ya kioo, uzione zikiwa kijani, uwaonyeshe wale wanaosema nimekusahau.

Nikachuma kunde nilizopanda nyuma ya nyumba yangu kwa mbegu ulizonifungia kwenye kitambaa. Na kwa kuwa zilikuwa zako, nikazipika kama wewe. Nilichoma maganda ya maharagwe, nikachuja majivu yake kupata munyu wangu mwenyewe, nikautia mpaka majani yakalainika na kung'aa. Memsahib alikuwa amenifunza kwamba majani yasiyo na siki hayawekwi kwenye chupa. Lakini nani anatia siki kwenye kunde? Nikaona ni mambo ya Kizungu. Nikazijaza kwenye zile chupa mbili, nikaziba, nikazichemsha saa moja tu kwa sababu kuni zilikuwa zimepungua, nikaona nimemaliza. Moja yako, moja yangu.

Jumatatu Zakaria, yule mtoto wa mpiga ngoma wa kanisa letu, akapita akirudi nyumbani kwa miguu. Nikampa yako, nimeifunga kwa blanketi kuukuu. Alicheka: "Kaka, Mama atalia akiona hii!" Hata mimi nilijua utalia. Nilitembea kwa maringo siku nzima.

Jumanne ile yangu ikafura. Kifuniko kiliruka chenyewe, povu likamwagika juu ya rafu. Nikakasirika tu kwa sababu ya kazi yangu kupotea, nikaimwaga shimoni nyuma ya jikoni. Kuku mwekundu wa Memsahib akadonoa. Jana shingo yake ililegea, kichwa kikawa kinaburuta chini, anatazama tu na hawezi kukiinua. Leo alfajiri nimemkuta amekufa.

Nikampelekea Memsahib habari nikidhani atanigombeza kwa ajili ya kuku. Hakumtazama kuku. Aliuliza nilichotia, nikamwambia. Akauliza, "Ile ingine iko wapi?"

"Imeenda kwa mama yangu."

Mama, yule mwanamke alishika kiti akakaa. Akasema siki ndiyo inazuia ile sumu, na majivu yanaikaribisha, na chupa nyingine hazifuri wala kunuka, zinatulia tu na mauti yamo ndani. Nilitaka nitoke mbio vile nilivyo, na aproni yangu. Lakini Bwana mumewe yuko safarini na ng'ombe mpaka Jumamosi, na bila yeye kutia sahihi kwenye kipande changu kwamba ameniruhusu, askari wangenikamata kabla sijafika Turbo, nawe usipate mtu wala barua. Nililia mbele yake, sioni haya kukuambia. Memsahib akanisukumia karatasi hii na kalamu yake mwenyewe. "Andika. Sasa hivi."

Anayeileta ni Kiprono, dereva wa lori la ngano, anaondoka saa tatu kwenda Kakamega. Nimemsihi aiweke mkononi mwa karani wa soko, naye amtume mtu mbio mpaka kwako. Kiprono aliniambia, "Wewe nyamaza, mzee. Hata mimi niko na mama." Zakaria alisema atapumzika kwa wakwe zake Malava, na ninyi mnamjua Zakaria, mahali penye kuku wa kuchinjwa haondoki upesi. Kwa mara ya kwanza maishani namwomba Mungu, Zakaria awe mvivu.

Na wewe, Mama, nakujua. Kitu kizuri hukili peke yako. Utakiweka juu ya kabati mpaka wote wakusanyike. Tabia hiyo nilikuwa nikikucheka, leo nimeishikilia kwa mikono miwili.

Basi ikifika, Rebeka achimbe shimo refu mbali na kisima na kuku, aifungulie hapo hapo shimoni, amwage zote bila kuzigusa na kufukia. Usimwonee huruma mpishi. Chupa aisugue kwa majivu, aichemshe kwenye maji tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nisalimieni Baba Mdogo mwenye mashine ya kushona, Shangazi aliyenibeba mgongoni, na mke wangu Dorika. Mwambie asinune kwamba sikumtumia yeye, leo ashukuru. Wanangu uwabusu kwa niaba yangu. Bwana akirudi nitaomba ruhusa, nije nikuanikie majani mimi mwenyewe mwambani, kama mwanamke, na atakayecheka acheke.

Lakini kabla ya hapo, nifanyie jambo moja. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Mpe Zakaria hiyo chupa anirudishie, na ndani utie kunde kavu, hata ngumi moja. Juu yake weka lile jani la mgomba unalolikunja mara tatu na kulichomeka pembeni. Rebeka hajui kulikunja hivyo, na Dorika alijaribu akashindwa. Mkono unaoweza ni mmoja tu. Nitasimama kwenye lango la shamba kila jioni mpaka nilione.

Mimi mwanao aliyetaka kukulisha,
Nathani