Mguu Usiosikia Joto

Chang'ombe, Jumamosi. Mwaka wa arobaini na moja tangu nitoke Pangani.

Mdogo wangu Zuhura,

Jana tulipotoka sala ya Ijumaa, sakafu ya ua wa msikiti ilikuwa inaunguza. Wenzangu walirukaruka kufuata viatu vyao. Mimi nilitembea taratibu. Jirani yangu Kassimu akacheka: "Mzee, wewe umezaliwa na soli?" Nikacheka naye, mpaka nilipoona alama za damu nyuma yangu. Lile lengelenge la kidoleni, nililokuwa nikilipaka asali kwa kuwa haliniumi, lilikuwa limepasuka.

Kassimu akanipeleka zahanati. Muuguzi akasema, "Babu, lengelenge likimuuma mtu, aoshe, afunike, asubiri. Wewe mwenye sukari, inayoua hisia za miguu, lisipouma ndiyo uje mbio." Mguu tumeuwahi, ila watakuwa wakiusafisha kila mara na safari ndefu wamenikataza kabisa.

Najua umenifagilia chumba cha uani ukinisubiri nirudi, na harufu ya pweza wako wa nazi sijaisahau. Nawe kagua nyayo zako leo, maana sukari ni ya ukoo wetu. Mungu akuweke, mdogo wangu. Mimi Pangani sitarudi.

Kaka yako