Siku Waliponingojea Niseme Amina

Jumapili ya mwisho ya likizo, jioni. Asubuhi ukungu ulishuka hadi kwenye mashamba ya chai, na mchana jua lilichungulia kidogo tu kama mtu asiyetaka kukaribishwa. Miguu yangu ni baridi. Moyo wangu si baridi.

Naandika upesi kabla Mama hajaitaka simu yake.

Shule yetu ya Embu inafunguliwa Jumanne, na hadi leo saa sita sikuwa na hakika kama nitarudi. Kwa wanaosoma hapa kwa mara ya kwanza, nitaeleza kwa ufupi. Tangu mwaka jana naogopa chakula. Si kwamba sikipendi. Nakiwaza kutwa nzima, lakini kikifika mezani natamani kuondoka. Siku nyingine sili. Siku nyingine nakula peke yangu, haraka, bila kusikia ladha, kisha najichukia. Ilianza na utani wa bwenini kuhusu sketi yangu iliyonibana. Wenzangu waliusahau utani huo siku hiyo hiyo. Mimi nilikuja nao nyumbani.

Mama aligundua likizo ya mwezi wa nne, akanipeleka hospitali ya hapa Nkubu kwa mshauri anayeitwa Bi. Kawira. Baba hakuambiwa. Yeye anaamini nina vidonda vya tumbo, na kila akienda sokoni huniletea ile dawa nyeupe ya maji. Namshukuru, kisha naiweka dirishani.

Bi. Kawira hakunipa dawa. Siku ya kwanza alinipa ndizi mbivu, akachukua yake, akasema tule bila haraka. Nilidhani ananichezea. Tulizishika kwanza. Tukazinusa. Tukamenya tukisikiliza ganda likichanika. Tukafumba macho, tukavuta pumzi mara tatu, ndipo tukauma. Baada ya kila kipande niliiweka ndizi chini na kuuuliza mwili wangu unasemaje. Siku hiyo haukusema kitu. Nililia tu.

Kuhusu yale mawazo yanayoniambia nimekula kupita kiasi, aliniuliza kama kwetu tunasikia pikapu za miraa zikitoka Maua alfajiri. Nikasema ndiyo, tuko karibu na barabara.

"Na ukiisikia moja, hutoka kitandani ukaidandie?"

Nikacheka. Akasema mawazo nayo ni hivyo hivyo. Yasikie, halafu uyaache yaende zake Nairobi.

Likizo hii yote tumefanya mazoezi. Na Mama jikoni, nimeweza. Peke yangu, mara nyingi nimeweza. Mbele ya watu, sijawahi. Kwa hiyo wiki iliyopita Bi. Kawira alituambia wazi: bwaloni nitakula katikati ya wasichana wengi, na kama siwezi kuketi mezani na jamaa zangu, ni afadhali nikose muhula huu nibaki nyumbani nipone.

Chakula cha leo ndicho kilichokuwa cha kuamua.

Baada ya kanisa alikuja Cucu, mama yake Baba, pamoja na Anko Mutwiri, mdogo wa Baba. Mama alikuwa ameponda mukimo wa mahindi, ndizi mbichi na majani ya malenge, na amechinja kuku. Cucu akiwepo, ni yeye anayepakua. Kwake, mgeni akipewa kidogo ni kama amefukuzwa. Mukimo wangu aliurundika kama kichuguu.

Baba aliomba, tukasema amina, vijiko vikaanza kazi. Mimi nikafumba macho yangu.

Nikavuta pumzi. Nikanusa mchuzi. Nikavuta tena. Ile sauti ikaja: sema tumbo linauma, toka nje. Nikaisikia, nikaiacha. Ikarudi. Mara tatu hazikutosha, nikaendelea kupumua, mpaka nilipogundua kwamba sisikii kijiko hata kimoja.

Nikafumbua macho. Wote walikuwa wameinamisha vichwa.

Kwetu hakuna anayegusa chakula mwenzake akiwa bado anaomba. Cucu aliponiona nimefumba macho, alirudisha kijiko chake na kuinama, na wengine wakamfuata. Mama peke yake ndiye aliyejua, naye alikuwa ameinama akijiuma mdomo. Anko Mutwiri alishikilia paja la kuku hewani, jicho moja wazi.

"Kendi," akasema, "hata pasta hufika kwa amina."

"Mwache mtoto na Mungu wake," Baba akasema, bila kuinua kichwa.

Ningesema amina, mambo yangeishia hapo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini nilimtazama Baba, jinsi alivyokaza kufumba macho kwa ajili yangu, nikajua anaombea vidonda ambavyo sina.

"Baba, sikuwa naomba. Nilikuwa napumua."

"Sisi wengine," Anko akasema, "tunapumua huku tukila."

Cucu akamchapa mkono. Mimi nilicheka, na baada ya kicheko maneno yakatoka yenyewe. Nilisema naogopa chakula. Nilisema si vidonda, na kwamba nafundishwa kula upya. Nilisema yote nikiitazama sahani.

Baba aliweka kijiko chini. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na mimi nakuletea dawa ya vidonda." Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyegundua kuwa amepalilia shamba la jirani.

Mama akaanza kueleza kwa nini hakumwambia. Baba akainua mkono polepole. "Hayo tutaongea, Mama Kendi. Kwanza nataka kujua hiyo ya kupumua inafanywa aje."

Nikawaonyesha. Watu wazima wanne wakafumba macho mbele ya kuku wa kienyeji. Anko alinong'ona kwamba kuku anapoa. Cucu akamwambia anyamaze apumue.

Kisha Cucu akafanya jambo ambalo sijamwona akimfanyia mtu yeyote. Aliivuta sahani yangu, akachukua mwiko, akauliza, "Nikuachie kiasi gani, Kendi wangu?"

"Nusu, Cucu. Nikitaka zaidi nitaomba."

Mkono wake ulisitasita. Lakini alipunguza.

Nikala. Mahindi yalikuwa laini, na majani ya malenge yalikuwa na ule uchungu mdogo ambao nilikuwa nimeusahau kabisa. Mawazo yalikuja, yakapita, yakaja tena. Anko alikuwa anasimulia habari za ng'ombe wake anayewapiga teke wote wanaomkama, isipokuwa mke wa Anko. Katikati ya hadithi hiyo nikaona sahani yangu ni tupu. Hakuna aliyenipongeza. Nawashukuru sana kwa hilo.

Sijapona. Najua bwaloni kuna kengele na kelele, na wasichana wanaomaliza kula kabla sijashika kijiko. Huko hakuna atakayeningojea. Baba amesema Jumanne atanipeleka mwenyewe na kuongea na matroni. Mama amemtumia Bi. Kawira ujumbe, naye amejibu kwamba niende, nirudi kumwona katikati ya muhula.

Nitarudi shule.

Sijui nieleze vipi nilivyotulia. Ni kama kuvua sweta lililolowa.

Sasa hivi Mama amepita hapa, ameniuliza kama nina njaa. Zamani ningejibu hapana kabla hajamaliza kuuliza. Leo nimejisikiliza kwanza.

Ninayo. Naenda jikoni.