Kanga juu ya picha yangu

Ruki, niko nje ya ukumbi wa maonyesho hapa Kibiti

Ile picha yangu yenye joka la Kichina, jicho la Misri na mnara wa simu, katikati nimechora alama za unyago. Zile zile za siri tulizofundishwa ndani mimi na wewe

Wanaume wamejaa wanaitazama, kaingia Bibi Mwamini. Kungwi wetu!

Hakupiga kelele. Kavua kanga kichwani, kafunika nayo picha. Ruki, kabaki kichwa wazi mbele ya wanaume!!

Nikamwambia, bibi, hii sanaa tu

Kanijibu, "Haya. Binti yako utamfunda mwenyewe." Akatoka anapiga simu

KICHWA WAZI, Ruki

Sasa hivi mwanangu Tasnim kanipigia kwa simu ya muuza chipsi. Wamemtoa unyagoni peke yake, kasimama barabarani Bungu na kigodoro chake. Ananiuliza kakosa nini