Pua Bubu na Mitungi Miwili

Jumatatu, 13 Machi

Nimenusa kitunguu saumu. Hakuna. Nimenusa siki. Hakuna. Nikachoma mafuta ya ufuta makusudi mpaka yakatoa moshi — macho yakawasha, pua kimya! Wiki ya saba sasa tangu ile homa. Ulimi nao umekufa. Daktari wa mjini alisema huenda vikarudi, huenda visirudi. Utadhani anazungumzia paka.

Sijamwambia mtu. Mume wangu Tae-bong ataniambia nipumzike, basi. Ninayemwogopa ni mama yake. Miaka thelathini na minne nimo nyumba hii, na mpaka leo kwa Mama mitungi ya uani ni "mitungi yangu". Mimi ni wa kuisugua tu. Nikimwambia sinusi kitu, atasema alijua tangu siku ya posa kuwa sifai.

Leo nimeifunua mara tano. Mkubwa na mdogo. Mabonge ya soya yanaelea kwenye maji ya chumvi, na mkaa, na pilipili nyekundu, vya kuzuia uozo. Kwa macho, sawa. Lakini macho yanajua nini?

Jumatano, 15 Machi

Kesho darasa langu pale ukumbi wa mtaa. Mbavu za ng'ombe, kupika polepole. Siku hizi napima kila kitu kwa mizani kama muuza dawa. Tunda la pea la kukuna, gramu mia mbili. Tangawizi, gramu kumi. Nimelamba kidole kwa mazoea. Kama kulamba karatasi.

Sitaki kukaa. Nikikaa nasimama.

Alhamisi, 16 Machi

Aibu!

Sufuria ya umeme niliiwasha saa kumi na mbili asubuhi, moto wa chini. Saa nane mchana nikafunua. Nyama inaachana na mfupa yenyewe. Sosi inang'aa. Nikajisifu moyoni.

Walikuwepo akina mama kumi, na Bwana Pyo. Mgane huyu, miaka sabini na moja, amekuja kujifunza mbavu alizokuwa akipika marehemu mkewe. Hukaa mbele. Huandika kila neno, hata "koroga".

Wakala. Mmoja akasema nyama ni laini. Mwingine naye: laini kweli. Hakuna aliyeongeza. Bwana Pyo akaweka vijiti chini.

"Mwalimu, niwie radhi. Hii ni bahari."

Nilitia sosi ya soya ya nyumbani, ile kuukuu ya miaka minne, chumvi tupu, badala ya ile nyepesi ya dukani. Chupa zinafanana! Zamani pua ingenipigia kelele kabla sijafungua kizibo.

Na mimi nikasema nini? Nikacheka. "Hongera, Bwana Pyo! Nilitaka kuona nani atathubutu kusema." Wakapiga makofi wote. Yeye akainama, akaandika kitu daftarini. Kitu gani?

Nikarudi kwa miguu. Nikaipita nyumba yangu bila kujua. Nikashtukia niko mtoni.

Jumapili, 19 Machi

Nimepata dawa. Mama atakuwa ulimi wangu. Namwita jikoni: "Mama, hebu onja." Alinitazama kwa shaka kidogo — si kawaida yangu kumwita — lakini akaonja. "Bado." Nikaongeza. "Bado." Nikaongeza. "Haya, hapo hapo." Siku tatu sasa. Tae-bong anakula, halalamiki. Ila anakunywa maji mengi.

Jumatano, 22 Machi

Eun-chae amepiga simu kutoka Busan. Binti yangu ana mimba ya miezi mitano, hakuna kinachokaa tumboni. Anasema anachotaka duniani ni supu ya rojo ya soya, doenjang, ya nyumbani. "Mama, mtungi wa mwaka huu ukiwa tayari, niletee mimi wa kwanza kabisa." Nikasema ndiyo. Ndiyo, ndiyo! Nimekata simu nikaenda kufunua mitungi.

Nimlishe mwanangu kitu nisichokijua kama ni kizima au kimeoza?

Ijumaa, 24 Machi

Leo supu ya nyama na figili. Nikasahau chumvi. Nimeukuta mkebe baadaye, haujafunguliwa. Lakini wakati huo sikujua, nikamwita Mama aonje kama kawaida.

"Imezidi chumvi. Punguza."

Nikaongeza maji. Tukakaa kula. Tae-bong, kijiko cha kwanza: "Jamani, leo tunakula supu au tunaoga?"

"Sigara zimekuunguza ulimi," Mama akamkaripia.

"Mama, hakuna chumvi humu. Hata chembe!"

Nikamtazama Mama. Mama akatazama wali wake.

Jumamosi, 25 Machi

Sikuvumilia. Tae-bong alipoondoka tu, nikatia maji ya vuguvugu katika vikombe viwili. Kimoja sukari, kimoja chumvi. Nikampelekea Mama barazani.

"Mama, kipi kina chumvi?"

Akanywa hiki. Akanywa kile. Hakutazama vikombe. Alinitazama mimi usoni, muda mrefu, kama mtu anayesoma barua. Kisha akaviweka chini.

"Tangu lini umejua?" akauliza.

"Jana. Na wewe tangu lini?"

"Tangu mwaka aliokufa baba mkwe wako."

Miaka saba! Nikamuuliza amewezaje kuhukumu mitungi miaka saba bila ladha ulimini.

"Wewe ukionja unakunja pua. Hujijui, lakini unakunja. Ukikunja, nasema bado. Ukitulia, nasema tayari." Akavisogeza vikombe kando. "Mwaka huu uso wako hausemi kitu, mama Eun-chae. Nilidhani umenigundua, unanificha. Sili vizuri tangu Februari."

Nikamwambia. Homa, pua, ulimi, vyote. Nilitarajia aseme alijua tangu siku ya posa. Hakusema. Alikunywa kikombe cha sukari mpaka mwisho, akapangusa midomo.

"Basi nyumba hii imekwisha," akasema.

Jumatatu, 27 Machi

Mtungi mdogo umeota utando mweupe. Kando yake doa jeusi.

"Nusa," Mama akaniambia.

"Nusa wewe!"

Tukatazamana. Akaanza kucheka yeye, mabega yakimtikisika, akajishika kwenye ukuta. Nami nikacheka. Sikumbuki kama tumewahi kucheka pamoja. Kisha tukaacha ghafla. Doa bado lipo.

Ijumaa, 31 Machi

Tumemjaribu Tae-bong. Kijiko cha mtungi mkubwa: "Tamu." Cha mdogo: "Tamu pia." Nikampa maji niliyooshea sufuria, yana rangi ile ile. "Hii ndiyo tamu zaidi!"

"Nilimnyonyesha nini huyu!" Mama akasema.

Lazima tutenganishe soya na sosi wiki ijayo, mabonge yawe rojo, maji yawe sosi. Tukichelewa, joto litaingia. Ulimi wa kweli anao mtu mmoja tu ninayemjua. Nikamtaja kwa Mama. Akawaka. Mwanamume, mgeni, aingize kijiko kwenye mitungi yake? Heri avunje mtungi kwa jiwe!

Sikubishana. Lakini hata angekubali — ningemwambia nini Bwana Pyo? Kwamba nilidanganya darasa zima nikapigiwa makofi?

Jumanne, 4 Aprili

Mvua. Mitungi tumeifunika. Mama ananifuata kila ninapokwenda. Nikifagia, yupo. Nikianua nguo, yupo. Mwishoni akasema, kama anayesema na ukuta:

"Huyo mtu wako. Huwa ananawa mikono?"

Alhamisi, 6 Aprili

Nimesema. Mbele ya wote, kabla sijavaa aproni. Kwamba tangu Januari sinusi wala sionji. Kwamba ile siku haikuwa mtihani, yalikuwa makosa yangu, na nilidanganya.

Nikaficha mikono nyuma.

Bwana Pyo akasema: "Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Mpishi hajaribu watu kwa nyama nzuri vile." Akafungua daftari, akanionyesha ukurasa. Ameandika: *Mwalimu hayuko sawa. Muulize polepole.* Wiki tatu alikuwa anatafuta namna ya kuniuliza!

Mwanafunzi mmoja akalia. Mimi sikulia. Nikakata vitunguu, nikamwita kila mmoja aonje kwa zamu, tukabishana, na kuku wa somo la leo akatoka vizuri. Wanasema.

Nikamwomba Bwana Pyo aje Jumamosi aonje mitungi.

Jumamosi, 8 Aprili

Amekuja saa tatu kamili, amevaa tai. Tai! Mama alikuwa ameketi uani tangu alfajiri, amevaa lile vazi lake la sikukuu. Akamnawisha mikono yeye mwenyewe. Mara mbili.

Mtungi mdogo. Bwana Pyo akanusa tu, akarudi nyuma. "Huu umekufa, bibi. Pole sana." Mama akafumba macho. Akaitikia kwa kichwa. Ningempa nini mwanangu — Mungu wangu!

Mtungi mkubwa. Akachota. Akakaa nayo mdomoni. Akachota tena. Cha tatu.

"Ikoje?" nikauliza.

Akalamba kijiko.

"Bwana Pyo! Nzima au mbovu?"

"Mwalimu, mtu hahukumu sosi kwa kijiko kikavu. Kuna wali wa moto?"

Hakuna! Siku kama ya leo na sikupika wali! Nimekimbilia jikoni, nimewasha, na naandika hapa wima, kando ya jiko, maana mikono haitaki kutulia. Dakika tisa bado. Nilipochungulia dirishani, amevua miwani anajifuta macho. Ni uchungu wa sosi? Ni mkewe? Mama amempa kigoda chake. Hampi mtu kile kigoda.

Wanaongea. Bwana Pyo anaisifia mitungi: ufinyanzi, mdomo mpana, tumbo zuri. Sasa anauliza:

"Bibi, mitungi hii ni ya nani?"

Nimeshika mfuniko wa sufuria, nasikiliza.

"Muulize mwenyewe," Mama anasema. "Huyo anayekuletea wali."

Hakusema "yangu". Dakika sita bado. Natoka sasa hivi, mikono mitupu, au nisubiri wali—