Kamba Nayo ni Uwanja

Jumatatu, 4 Agosti

Semina ya waamuzi imeanza. Miaka ishirini na mbili napuliza filimbi kiwanja cha Mabawa, Ngamiani nzima wananiita Refa hata wakiniletea baiskeli za pancha, na leo nimekalishwa dawati la darasa la nne, magoti yanagusa kidevu. Ati bila cheti hakuna kuchezesha kombe la mwaka huu. Haya.

Mwalimu ni binti wa Kisambaa kutoka Lushoto, Precious. Umri wa binti yangu Rawan! Shikamoo kanipa vizuri, adabu anayo. Halafu akauliza: mpira ukirushwa kutoka pembeni, mtu ukimfika moja kwa moja anaweza kuwa ameotea? Nikajibu mbio mbio, anaotea kama kawaida. Akasema la, mzee wangu, mpira wa kurusha hauna kuotea. Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, nisionekane nimenuna. Nilikuwa nimenuna.

Nimepewa kitabu. Habari ya kurusha mpira ni Sheria ya Kumi na Tano, haijazi hata kurasa mbili. Hicho ndicho cha kunikalisha dawatini?

Jumanne, 5 Agosti

Nimeisoma. Lahaula.

Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, mke wangu Nasra akaja mlangoni akidhani nina mgeni. Nikamsomea na yeye. Ukirusha mpira ukaingia goli la wenzako bila kuguswa na mtu, si goli — wanapewa goli kiki. Ukijifunga mwenyewe kwa kurusha, si goli pia, ni kona. Ukirusha huruhusiwi kuugusa tena mpaka mwingine auguse. Adui akae mita mbili. Nani alikaa akayafikiria yote haya? Mtu gani alijiuliza, je, mwehu mmoja akirushia goli lake mwenyewe? Na akamwandikia jibu!

Nasra akasema kama ni hivyo mbona watu wanagombana kila Jumamosi. Nikarudi kitabuni.

Jioni nimejaribu kitu dukani kwangu, kati ya baiskeli. Precious alisema mpira haujatoka mpaka wote uvuke mstari wote, hata ukiwa hewani. Nikachora mstari wa chaki sakafuni, nikauweka mpira nje kidogo, pale ambapo mimi siku zote ningenyanyua mkono: umetoka. Nikachukua uzi, nikafunga nati, nikauning'iniza ubavuni mwa mpira kama ninavyopima rimu iliyopinda. Nati ikatua juu ya chaki. Mpira ulikuwa bado uwanjani! Chini umetoka, tumboni upo ndani. Nimerudia mara tano. Mteja kasimama na gurudumu lake mkononi ananitazama. Nimemwambia angoje, kuna jambo kubwa hapa. Kangoja.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo sikula mchana.

Precious kachora mstari ubaoni, kachora na mguu juu yake. Akasema anayerusha miguu yote miwili iguse chini, nje ya mstari AU juu ya mstari. Nikanyoosha mkono. Nikasema mwalimu, juu ya mstari ni kosa. Akasema si kosa. Mstari ni sehemu ya uwanja, na anayerusha anaruhusiwa kuukanyaga. Nikasema kwetu Mabawa ni kosa. Akaniuliza kwa upole, tangu lini?

Tangu lini. Kiwanja chetu ni mchanga mtupu, chokaa ukimwaga asubuhi adhuhuri imepeperuka. Kwa hiyo mistari yetu ni kamba ya katani iliyotandazwa na kupigiliwa vigingi. Ukiikanyaga kwa nguvu kigingi kinang'oka, kamba inapinda, mchezo unasimama watu waitengeneze. Marehemu Maalim Muhanad, aliyenirithisha filimbi, alichoka na kazi hiyo. Akawa kila anayekanyaga kamba wakati wa kurusha anamnyang'anya mpira anawapa wenzake. Basi. Amri ya kuokoa vigingi! Mimi nikaichukua kama imeshuka na sheria nyingine zote, nikaipulizia filimbi miaka ishirini na mbili.

Na nikampulizia Laurenti.

Siwezi kuandika zaidi leo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimetoka kuswali, naandika. Nikiacha sitaandika tena.

Fainali ya mwaka 2019, Maramba na Mabawa, bila kwa bila, dakika zimebaki mbili. Laurenti wa Maramba, mtoto wa vibarua wa shamba la mkonge, alikuwa na mikono sijapata kuona. Akirusha ni sawa na kona. Klabu moja ya Dar ilikuwa imeshamwita majaribio mwezi unaofuata. Akarusha, mwenzake Yona akapiga kichwa, goli. Mimi nikapuliza: umekanyaga kamba. Goli nikalifuta. Mabawa wakashinda kwa penalti, kombe liko kijiweni kwao mpaka leo.

Laurenti alinijia akaniuliza, Refa, sheria gani hiyo? Nikamwambia ya hapa. Akaivuta filimbi kifuani mwangu, uzi ukakatika, akaitupa chini. Hicho tu. Hakunigusa.

Kwenye ripoti niliandika amenivamia.

Alifungiwa miaka miwili. Klabu ya Dar ikasikia, ikamwacha. Alikuwa na ishirini na saba. Leo ana thelathini na tatu.

Nimemwambia Nasra. Ile ya kamba. Ile ya ripoti sijamwambia. Akasema, Baba Rawan, kamwambie mwenyewe, Maramba si Ulaya.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda. Basi la asubuhi. Nimemkuta anatoka kanisani na mkewe Bertha, kavaa shati jeupe, kanenepa kidogo. Kaniona, kasimama. Nilijiandaa kutukanwa. Akasema, shikamoo Refa. Refa! Baada ya yote.

Tumekaa barazani kwake, Bertha kaleta chai na mihogo ya kuchemsha. Nikatoa kitabu mfukoni, nikamsomea. Mguu juu ya mstari. Nikamsomea tena. Nikamwambia Laurenti, goli lenu lilikuwa halali, nisamehe, sikujua.

Akakichukua kitabu, akapasoma mwenyewe. Kisha akasema, kamba hukujua. Mtu asiyejua hana deni, hilo limekwisha leo hii, kunywa chai. Mimi nikashusha pumzi. Nikanyoosha mkono kuchukua muhogo. Akasema, lakini kuvamia ulijua.

Ule muhogo sijui niliuweka wapi.

Hakupandisha sauti. Akasema goli halidai, kombe halidai. Mama yake alikufa akiamini mwanawe alimpiga mtu mzima mwenye ndevu, na padri alimwita kumkanya. Anachotaka ni mimi niseme. Jumamosi kwenye mechi ya Maramba kiwanjani Mabawa, pale pale, kwa kipaza sauti, kwa sababu ripoti ile ilisomwa kwa kipaza sauti. Akasema Maramba wamemwomba arudi kucheza na hajakubali. Atakuja kunisikiliza, viatu atakuwa navyo.

Njia nzima ya kurudi nimetazama dirishani. Nimezoea kuwaona wachezaji kama watu wa kutulizwa. Kumbe yupo mtu anaweza kushika kosa la mwenzake mkononi, akalipasua katikati, akakwambia nusu hii nakusamehe na nusu hii ni yako. Sijui sheria ya namba ngapi hiyo. Nimestaajabu mpaka nimesahau kushuka, nimepitilizwa kituo.

Jumatano, 13 Agosti

Mtihani nimepita. Alama themanini na moja. Swali la kurusha nimelipata lote, Precious kanichorea nyota kama mtoto.

Jumamosi yeye atapuliza, mimi nitashika kibendera. Zamani ningesusa.

Habari ya kamba imeshatapakaa Mabawa, sijui nani kasema. Leo wateja wawili wamenitania: Refa, tulete kombe dukani kwako? Lakini mmoja, Ibrahimu wa kijiweni, hakutania. Kasema mambo ya kale yaache yalale, Refa, sisi ni watu wako. Kisha kaichukua baiskeli yake kabla sijaimaliza.

Nimemwambia Nasra ile ya ripoti. Kaacha kukuna nazi. Baada ya chakula ndipo akasema: uliiandika peke yako, ikasomwa mbele ya watu. Basi na hili ulilolisema tukiwa peke yetu, kaliseme mbele ya watu. Nikamwambia watanizomea. Kasema watazomea mpaka magharibi, kisha watakwenda makwao kula.

Jumamosi, 16 Agosti. Uwanjani

Mapumziko. Naandika kwa penseli ya kuandikia kadi, nyuma ya jukwaa.

Leo mstari ni chokaa. Precious kaja nayo magunia mawili, kamwagia na maji ishike mchanga. Mweupe, umenyooka, sijapata kuuona uwanja wetu hivyo. Nimeutazama kama bibi harusi.

Kabla ya mechi nilipewa kipaza sauti. Nikasema ya kamba. Nikasema mstari ni uwanja, goli la Maramba la mwaka ule lilikuwa halali, kosa langu, niliwakosea. Nilitegemea mawe. Watu wakapiga makofi! Ibrahimu mwenyewe akapiga. Mtu akaita, Refa mwanamume. Moyo ukanijaa, nikaona tamu. Nikakirudisha kipaza sauti kabla sijasema la pili. Nilikirudisha mwenyewe, kwa mkono wangu, makofi yakiendelea.

Laurenti alikuwa kasimama upande wa Maramba, bado kavaa kandambili. Akakaa chini, akavaa viatu. Nikajipa moyo: karidhika.

Dakika ya arobaini mpira umetoka upande wangu, umetoka wote, niliuona. Wa Maramba. Laurenti kaja kurusha, mimi na yeye hatua mbili. Kausugua mpira kwa jezi. Akarudi nyuma. Nilidhani anataka kukimbia kidogo kama zamani. La. Kasimama nyuma ya chokaa hatua nzima, miguu imebana, kaniangalia mimi. Si mstari, mimi. Kushika kibendera hakuniruhusu kumwambia songa mbele, mchezaji hafundishwi. Na ningemwambia nini? Kwamba leo aniamini?

Akarusha kutoka pale pale. Subhanallah, mikono ile. Miaka sita, na mwili umeongezeka, na hatua nzima kajinyima, na mpira umepita juu ya vichwa vyote mpaka mbele ya goli. Yona karuka. Umempita juu kidogo tu, upana wa kiganja.

Laurenti hakumtazama Yona. Alikuwa bado ananitazama.

Bila kwa bila.

Nimemfuata Precious anakunywa maji, nimemwomba dakika mbili za kipaza sauti kabla ya kipindi cha pili. Kaniuliza, si umeshasema, mzee wangu? Nimemwambia bado. Akaagiza wakiwashe. Naona yule wa mitambo anakigonga kwa kidole, watu wanageuka, Ibrahimu ameanza kupiga makofi tena akidhani ni yale yale