Bunduki za Sikukuu, Guangzhou 1998

Swalha shoga yangu, yamenifika.

Mume wangu Sufian kaenda kununua bunduki za kuchezea watoto, za Idi. Akamwambia laoban, bosi wa duka, anataka zinazofanana na za kweli.

Bosi akamwingiza stoo.

Za kweli, Swalha! ZA KWELI! Moja mtutu mrefu, nyingine kitako cha kukunja.

"Unataka ipi?"

Badala ya kukataa, Sufian akasema lile neno letu la sokoni: "Tai gui!" Ghali mno! Eti ndiyo kachomoka.

Bosi akacheka, akashusha bei ya zote mbili, akampa mkono.

Swalha, huku Guangzhou, ukilalamikia bei nayo ikashuka, umeshanunua!

Sasa hivi watu wa mapokezi hapa hotelini wamepiga simu: mizigo yetu miwili imefika.